Korodani ikiuma usiku, usingoje kuche

Wewe uliye bweni kule Litein, au kwenye nyumba za laini katikati ya majani chai, au umepanga kachumba Kericho mjini, hebu tuongee kitu ambacho sisi wanaume tunawaficha hata mabeste.

Saa nane usiku unashtuka. Korodani moja inauma kama imebanwa na koleo, tumbo la chini linavuta, unatapika. Hukupigwa wala hukuanguka. Huenda mshipa unaoishikilia na kuipelekea damu umejisokota, kama kamba ya ndoo iliyozungushwa. Damu haipiti. Ukifunguliwa ndani ya saa 6, korodani huokolewa karibu mara 9 kati ya 10. Siku nzima ikipita, kwa kawaida imeshakufa na daktari hana budi kuitoa.

Wanaopatwa zaidi ni vijana wa miaka 12 hadi 18. Yaani watu wa sekondari.

Sasa ona tunavyozipoteza hizo saa. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja nikiwa bado chuoni (mbona niliacha ni stori ya siku nyingine) alianza kuumwa usiku, akaona aibu kuniamsha. Asubuhi akaenda duka la dawa, akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, akauziwa antibayotiki. Hospitali alifika siku ya pili. Wakaitoa. Na wakati huo hakuwa hata na mpenzi, bana.

Halafu sisi wa Kericho na Bomet tuna letu. Jandoni, Desemba ile, unafunzwa usipepese jicho. Siwakosei wazee heshima, nami nilipitia huko na najivunia. Lakini ule uvumilivu ulikuwa wa kisu, wa dakika chache. Haukuwa wa kulala na mshipa uliojisokota mpaka jua litoke.

Najua swali lako: nitapata watoto? Ukibaki na moja nzima, wengi huzaa tu vizuri. Ila kuna ambao mbegu hupungua, na mara nyingi hata ile ya pili inaning'inia kwa ulegevu uleule, kwa hivyo nayo inaweza kujizungusha. Ndiyo maana daktari akishafungua hushona pande zote mbili. Anayesema "nyingine ipo" anacheza na spea yake ya mwisho. Na yale maumivu makali yanayokuja yakaisha yenyewe pia usiyapuuze. Huenda ilijisokota ikajifungua, na siku nyingine isijifungue.

Nenda penye chumba cha upasuaji: Hospitali ya Rufaa ya Kericho, Longisa, Tenwek, Litein, yoyote iliyo karibu. Usile wala usinywe chai kabla ya kutoka, maana huenda ukatiwa nusukaputi. Na ukifika, taja korodani kwa jina. Ukisema "tumbo" utapewa dawa ya minyoo.

Walimu wakuu, hili nalo ni lenu. Mwanafunzi akisema usiku anaumwa huko chini, asiambiwe alale nesi atamwona asubuhi. Fungueni geti, itisheni gari, mzazi apigiwe wakiwa njiani. Na kama funguo huwa kwa mlinzi, mlinzi naye aambiwe.