Likizo ya Punta Cana isiyo na Dominika

Mwezi uliopita familia moja iliyokulia parokiani kwetu, ambayo sasa inaishi Kanada, ilituandikia barua pepe. Baba ni dereva wa lori. Mama anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na Dominika nyingi humkuta kazini. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie huko wamepata akiba ya kutosha kwenda likizo wote watano, nao wamechagua Punta Cana, ncha ya mashariki ya Jamhuri ya Dominika, katika bahari ya Karibi. Wataondoka Jumamosi tarehe 20 Desemba na kurudi Jumamosi tarehe 27. Walituomba tuwaombee safari njema. Waliomba pia tuwaambie bila kuficha kama ni dhambi kutumia fedha nyingi kiasi hicho kwa kustarehe wakati nyumbani kuna ndugu wenye shida.

Tunajibu hapa kwa ruhusa yao, kwa kuwa waamini wengi wa parokia zetu wana watoto ng'ambo wanaojiuliza swali hilohilo, na kwa kuwa barua hiyo ilituletea mabishano makali mezani hapa seminarini.

Frateri mmoja alisema palepale kwamba fedha hizo zingeezeka kigango kizima. Hatukubaliani naye. Mama anayegeuza wagonjwa kitandani usiku kucha hahitaji kuomba ruhusa ya mtu ili alale kivulini wiki moja. Yesu mwenyewe aliwaambia mitume wake waende kando mahali pasipo watu wakapumzike kidogo, kwa sababu walikosa hata nafasi ya kula. Tena familia hii hutuma fedha nyumbani kila mwezi, na tunajua hivyo kwa sababu ada za wadogo zao zinalipwa. Ni rahisi sana kwa sisi tunaokula chakula cha seminari, kilichochangwa na waamini, kuwahesabia wengine matumizi yao. Kama kuna deni la haki kwa ndugu, lilipwe kwanza, na likizo isilipiwe kwa mkopo utakaowatesa hadi Pasaka. Baada ya hapo, waende.

Kilichotusumbua ni ratiba waliyoambatanisha. Imepangwa saa kwa saa: kuogelea na kutazama samaki, mashua, farasi ufukweni, chakula cha jioni chenye muziki. Hoteli ni ya aina ile ambayo kila kitu kimelipiwa tangu mwanzo. Mgeni huvishwa bangili ya plastiki, na akiwa nayo hana haja ya kutoka getini mpaka siku ya kurudi uwanja wa ndege. Katika siku nane hizo kuna Dominika ya nne ya Majilio, tarehe 21, na kuna Noeli yenyewe, Alhamisi. Dominika imeandikiwa mashua. Noeli imeandikiwa karamu ya hoteli. Misa haimo. Hata jina la mji ulio nje ya geti halimo.

Hatusemi hivi ili kuwasuta. Tunadhani hawakukataa Misa. Hawakuiona tu, kwa sababu matangazo waliyopangia safari yanaonyesha maji ya bluu na mnazi ulioinama, wala hayaonyeshi mtu yeyote anayeishi pale. Wengi wetu tumepita Nungwi au Kiwengwa kule Unguja, tukaona kuta ndefu za hoteli na wageni wanaoingia na kutoka kwa gari lenye vioo vyeusi. Sisi tunaujua ukuta huo kwa upande wa nje. Tumewasikia vijana wetu wakisema kwamba mgeni alikaa wiki mbili asijifunze hata kusema asante. Sasa watoto wetu wamepata nafasi ya kuwa ndani ya ukuta wa namna hiyo, na itakuwa aibu wakikaa kama wale tuliowalalamikia.

Nchi wanayokwenda ina jina lenye mzizi mmoja na neno letu Dominika. Imeitwa hivyo kutokana na mji mkuu wake, Santo Domingo, yaani Mtakatifu Dominiko. Misa ya kwanza inayojulikana katika bara lile jipya iliadhimishwa katika kisiwa hicho, kule La Isabela kwenye pwani ya kaskazini, siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1494. Kanisa kuu la Santo Domingo ndilo la kwanza katika Amerika yote.

Na tarehe ya mashua yao ni tarehe ya pekee mno. Dominika ya nne ya Majilio mwaka 1511 iliangukia tarehe 21 Desemba, kama mwaka huu. Siku hiyo, mjini Santo Domingo, Mdominikani Antonio de Montesinos alipanda mimbarini mbele ya wakubwa wa Kihispania, akiwemo gavana Diego Colón, mtoto wa Christopher Columbus. Akawaambia kwamba wanaishi katika dhambi ya mauti kwa jinsi wanavyowatumikisha wenyeji, Wataino, na akawauliza kama hao si watu. Mahubiri hayo hayakuwa ya mtu mmoja mwenye hasira. Jumuiya nzima, chini ya mkuu wao Pedro de Córdoba, iliyaandaa na kuyatia sahihi. Wakubwa walikwenda nyumbani kwa watawa kudai ayafute. Dominika iliyofuata Montesinos alipanda tena mimbarini, akasema yaleyale kwa ukali zaidi.

Tunapenda kusimulia habari hiyo seminarini, na tuna haki. Lakini isiishie pale inapotupendeza. Bartolomé de las Casas, ambaye kwa maandishi yake tunayajua mahubiri hayo, alikuwa padre mwenye shamba na watumwa wa Kitaino, na hakuwaachia hadi mwaka 1514. Alipowaachia, alipendekeza waletwe Waafrika kufanya kazi badala yao, jambo alilokuja kulijutia kwa maandishi. Wakati wa Noeli ya mwaka 1521, Waafrika katika shamba la miwa la Diego Colón, yuleyule aliyesikia mahubiri, waliasi. Ni moja ya maasi ya kwanza kabisa ya watumwa wa Kiafrika katika Amerika. Kwa hiyo Noeli katika kisiwa kile si ya wageni kutoka nchi za baridi peke yao. Watoto watatu weusi wanaozaliwa Kanada na kwenda kucheza kwenye mchanga ule wana haki ya kujua nani alitangulia kuukanyaga, na nani alikuwa amefungwa minyororo.

Waafrika hao wengi walitoka magharibi na kati ya bara letu, wakiwemo watu wa Kongo, ambako mfalme alibatizwa tangu mwaka 1491. Mpaka leo huko Villa Mella, pembeni mwa Santo Domingo, kuna chama cha kitume cha Roho Mtakatifu kinachoitwa cha Wakongo, wapiga ngoma wanaoadhimisha Pentekoste na kusindikiza marehemu wao kwa ngoma hizo. UNESCO ilikitambua mwaka 2001. Msomaji wetu wa Bukavu au Kigoma akiwasikia hatahitaji mkalimani.

Santo Domingo ni mbali na Punta Cana, kama kilometa 200, na hatumlazimishi mtu kuitumia siku nzima barabarani pamoja na watoto. Lakini Higüey ni karibu, hata saa moja haifiki kwa gari. Huko ndiko kwenye Basilika ya Mama Yetu wa Altagracia, mlinzi wa taifa lile, kanisa kubwa la zege lenye tao refu linalofanana na mikono iliyounganishwa kwa sala, lililofunguliwa tarehe 21 Januari 1971. Ni makao ya askofu pia, maana jimbo lilianzishwa mwaka 1959. Picha takatifu iliyomo ndani ni ndogo, unaweza kuibeba kwapani: Bikira Maria ameinamia Mtoto aliyelala majanini, na nyuma yake Yosefu ameshika mshumaa. Mtakatifu Yohane Paulo II aliivika taji alipofika nchini humo Januari 1979. Na Injili ya Dominika hiyo ya nne, mwaka huu tunapoanza Mwaka A, ni ile ya ndoto ya Yosefu. Baba wa familia hii anaitwa Yosefu. Sisi tungekuwa yeye, mashua ingengoja mchana.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inaruhusu kutimiza wajibu wa Misa jioni ya siku inayotangulia, na Misa ya Kihispania ni Misa. Watoto wapewe masomo ya siku kwa lugha yao kwenye simu, yatosha. Kabla ya kulipia chochote Dominika na usiku wa Noeli, waandikie parokia iliyo karibu na hoteli kuuliza saa. Wafanyakazi wa hoteli pia wanajua, kwa sababu wao ndio wanaosali huko. Ukimuuliza mwanamke anayetandika kitanda chako kuhusu Misa, pengine utamwona mara ya kwanza.

Yeye naye anastahili kufikiriwa. Katekisimu, namba 2186, inawataka wenye nafasi ya kupumzika wawakumbuke ndugu wenye mahitaji na haki zilezile ambao umaskini unawanyima mapumziko. Mama yetu wa zamu za usiku anaelewa maneno hayo kuliko mwanateolojia yeyote: katika wiki hiyo moja atahudumiwa na mwanamke anayefanya kazi Dominika kama anavyofanya yeye Kanada. Amsalimie kwa jina. Bakshishi asiihesabu kama hasara.

Kuna jambo lingine, nalo ni zito. Hoteli nyingi za upande ule zimejengwa kwa mikono ya Wahaiti, na mashamba ya miwa yamewategemea kwa vizazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilitoa hukumu iliyowanyima uraia watu wengi waliozaliwa humo kwa wazazi wasio na vibali, kurudi nyuma hadi mwaka 1929. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kwamba inalenga kuwarudisha Haiti hadi watu 10,000 kwa wiki. Katika misako ya namna hiyo rangi ya ngozi hutazamwa, kiasi kwamba mwaka 2022 ubalozi wa Marekani uliwatahadharisha raia wake weusi. Kwa hiyo tunaiambia familia yetu, bila kuitisha: mkitoka getini, bebeni pasipoti zenu. Nanyi mtakapoziona zikikaguliwa na kurudishwa kwa heshima kwa sababu zina viza za Kanada, mtajua kwamba kijana aliyesimama kando yenu barabarani, mweusi kama ninyi, hana cha kuonyesha. Montesinos angekuwa na la kuhubiri Dominika hiyo.

Je, hayo yote hayataharibu likizo? Frateri wetu yuleyule alituuliza hivyo, safari hii akiwatetea. Hatudhani. Siku sita zilizobaki waogelee mpaka ngozi ikunjamane. Wale mangú asubuhi, ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa. Mtu wa Bukoba au Moshi atadhani yuko kwa bibi yake.

Tuliwatumia majibu haya kabla ya kuyachapisha. Mama aliandika kwamba amemwambia mwajiri wake asimbadilishie tena tarehe, na kwamba wamekodi gari la kwenda Higüey asubuhi ya tarehe 21. Binti mkubwa, mwenye miaka 14, hajafurahi. Mashua imehamishiwa Jumatatu.