Gari Lililotumika: Chunguza Kabla Hujalipa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa za watoto, uzazi salama na chakula cha familia. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya gari. Msishangae. Gari lililonunuliwa vibaya huleta nyumbani madeni, ugomvi na hata majeraha, na majeraha hayo hutufikia sisi wauguzi.

Tangu Songwe iwe mkoa mwaka 2016 na makao makuu yake kuwa Vwawa, wengi wetu tunalala mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine. Yuko karani anayekaa Mlowo na ofisi yake iko Vwawa, na yuko mama wa biashara anayetoka Vwawa alfajiri kwenda Tunduma mpakani. Barabara kuu ni ile moja ya kwenda Zambia, pamoja na malori yake. Unapokuwa umebanwa kwenye Hiace, au uko nyuma ya bodaboda mvua inanyesha na mtoto yuko mgongoni, wazo la gari la familia ni wazo jema kabisa.

Lakini tukumbuke jambo moja. Gari rahisi si lile la bei ndogo. Gari rahisi ni lile ambalo mapato yenu yanaweza kulilisha kila mwezi, na ambalo karatasi zake ni safi. Hebu tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

Anzeni na hesabu ya nyumbani

Muuzaji hukudai mara moja, lakini gari lenyewe hukudai kila siku. Tuseme kwenda kazini, kurudi, shule na sokoni ni kilomita 80 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi hizo ni kilomita 2,000. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita moja litakunywa lita 133 hivi. Gari kubwa linalokwenda kilomita 9 kwa lita litakunywa lita 222. Tofauti ni lita 89 kila mwezi, na kwa mwaka inapita lita 1,000. Chukua bei ya lita katika kituo cha kwenu, zidisha, kisha mwonyeshe baba watoto. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi tulio mbali na bandari hulipia pia gharama ya kuyasafirisha.

Jambo jingine ni hili. Ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake tozo ikaongezwa kwenye mafuta. Maana yake anayechoma mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi.

Msimalize fedha zote kwenye kununua. Mimi huwaambia wenzangu wa kikundi: mkiwa na fedha kumi, gari liwe la nane, mbili zibaki. Hizo mbili ni za matairi, betri, oili, pedi za breki, bima na kubadili umiliki. Kwa wale wanaotegemea kahawa, kumbukeni kuwa fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini gari huomba mafuta mwezi wa kahawa na mwezi usio wa kahawa. Na kama ni mkopo wa SACCOS au VICOBA, marejesho pamoja na mafuta yasiguse ada za shule wala unga wa watoto.

Gari la aina gani?

Barabarani kwetu mtaona Toyota ndogo nyingi: Vitz, IST, Raum, Probox, Corolla. Sababu si fasheni, ni spea na mafundi. Mengi ya magari hayo ya miaka ya 2000 yanatumia injini ya cc 1,500 iitwayo 1NZ. Kwa hiyo fundi aliyewahi kutengeneza IST hatapata shida na injini ya Probox, na kifaa kilichokosekana Tunduma kina nafasi nzuri ya kupatikana Mbeya. Injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, hivyo gharama ya kubadili mkanda kila baada ya muda haipo.

Passo ya cc 1,000 ina silinda tatu na hunywa kidogo sana. Inamfaa mama anayekwenda kazini na watoto wawili kwenye lami. Lakini ukipakia watu watano na gunia la mahindi kupanda milima ya Ileje, utaionea bure. Probox ilitengenezwa kuwa gari la kazi, hubeba mzigo bila kulalamika, ila kiti cha nyuma ni kigumu kwa safari ndefu. Kama nyumba yenu iko mbali na lami, angalia pia gari limenyanyuka kiasi gani kutoka chini. Gari refu ni zuri kwenye matope ya masika, lakini kumbuka zile lita 89.

Uwe mwangalifu na injini zinazoitwa D4, zilizofungwa kwenye baadhi ya Toyota za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000. Mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, hivyo zinahitaji mafuta safi na fundi mjuzi. Mafuta ya madumu ya kando ya barabara ni sumu kwake. Na kama gari ni la otomatiki yenye gia boksi ya CVT, uliza lilitiwa oili gani. Gia boksi hiyo ina oili yake maalumu, na ukiweka nyingine unaiua.

Tena, msidanganywe na herufi za namba ya gari. Watu husema kwa fahari, "Hili ni namba E." Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 laweza kuwa namba E. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

Lichunguze kama tunavyompokea mgonjwa

Mgonjwa akifika wodini tunauliza historia, tunamtazama, tunamsikiliza, ndipo tunapima. Gari nalo ni hivyo hivyo.

Historia. Kule Japani gari jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na ni sababu mojawapo ya wenye magari kuyauza yakiwa bado mazima. Kwa gari lililoingia karibuni, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia gari nje. Humo mna kilomita zilizoandikwa kule. Alama ya R kwenye karatasi ya mnada ina maana gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Kisha linganisha na unachokiona: gari linalosema limetembea kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedali zilizolika na usukani uliochubuka.

Kutazama. Nenda mchana, mvua isiwepo, na uende na fundi wako. Fundi wa muuzaji ni shahidi wa muuzaji. Aingie chini ya gari atafute kutu na mahali palipochomelewa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukikuta alama ya matope, na zulia lina harufu ya ukungu, huenda gari hilo liliwahi kuzama majini. Soma ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT hueleza wiki na mwaka. Tairi iliyoandikwa 2315 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na hata kama meno yake yapo, mpira umezeeka.

Kusikiliza na kunusa. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, kama ni ya moto, uliza kwa nini. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, huenda maji yanachanganyika na oili. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu, maana maji yake ya moto huruka na kuunguza uso. Gari likiwashwa, tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Kupima. Liendeshwe mlimani, kwenye lami na kwenye mashimo. Likifunga breki lisivute upande. Gia zibadilike bila kushtuka. Ukiwasha swichi, taa za tahadhari kwenye dashibodi ziwake kisha zizimike. Taa ya mfuko wa hewa ambayo haiwaki kabisa huenda imeondolewa ili kuficha ubovu. Pia magari mengi ya Japani, Toyota zikiwamo, yaliitwa na watengenezaji kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Mtu anayejua intaneti akusaidie kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Na mikanda ya nyuma ifanye kazi yote. Hapa nasema kama muuguzi: mikono ya mama haiwezi kumshika mtoto gari linapogonga, hata mama awe na nguvu namna gani. Gari lisilo na mikanda ya watoto wako halijawa gari la familia.

Mtego wa mpakani

Sisi wa Tunduma tunayaona kila siku magari ya IT yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Hayo hayajalipiwa kodi hapa kwa sababu yanapita tu. Mtu akikunong'oneza kwamba mwenyewe ameishiwa na analiuza kwa bei ya kutupa, jua kwamba hiyo bei ya kutupa ni kodi ambayo haijalipwa. Vivyo hivyo gari lenye namba za Zambia: huingia nchini kwa kibali cha muda, na kulinunua kienyeji hakulifanyi kuwa la Tanzania.

Dada mmoja ninayemfahamu alinunua la namna hiyo kwa fedha za kikundi. Halikumaliza miezi mitatu likakamatwa. Aliyemuuzia hakupatikana tena kwenye simu. Gari lilibaki limeegeshwa kwenye uwanja wa forodha, naye akaendelea kurejesha mkopo kila wiki huku akipanda Hiace.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, fanya haya:

1. Iangalie kadi halisi ya gari, si nakala. Jina lililomo lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Namba ya chesisi na ya injini zifanane na zilizo kwenye gari lenyewe.

2. Nenda ofisi ya TRA uhakikishe kadi ni ya kweli na gari limelipiwa kodi. Uliza pia kama gari limewekwa dhamana ya mkopo.

3. Tazama kwa namba ya gari kama lina faini za usalama barabarani ambazo hazijalipwa. Mfumo wa polisi unaonyesha. Stika ya bima nayo huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA.

4. Mkataba uandikwe mbele ya wakili. Fedha ipitie benki kwenda kwa mwenye jina kwenye kadi, isiende kwa dalali.

5. Badilisha umiliki TRA mara moja. Kadi ikibaki na jina la muuzaji, gari bado linatambulika kuwa lake.

Na jina gani liandikwe? Hili mlizungumze wawili kabla, kwa upole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa na kuandikwa jina la mmoja ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama aliyekopa kwenye kikundi chake ili gari linunuliwe atunze risiti na karatasi za mkopo. Kutunza karatasi si kumshuku mume. Siku ya msiba ndugu wakija kuuliza, karatasi ndizo zitakazomsemea mjane.

Baada ya kulinunua

Badilisha oili na vichujio bila kungoja, maana hujui mwenzako alibadilisha lini. Kata bima. Ile ndogo inalazimishwa na sheria, lakini hulipa madhara ya wengine, hailipi gari lako. Kubwa hulinda na la kwako, na kama gari ni la mkopo, inafaa kuitafuta.

Mwisho, weka daftari dogo ndani ya gari. Kila ukijaza mafuta andika lita, shilingi na kilomita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Matumizi ya mafuta yakipanda ghafla, daftari litakuambia gari linaumwa kabla halijakulaza njiani usiku na watoto.

Kama baada ya hesabu hizi mmeona fedha bado, ngojeni msimu mwingine. Hiace zipo. Tukutane mwezi ujao, na mwendapo safarini, fungeni mikanda.