Kabla ya kuuza sanduku la disiki

Wamama wapenzi, juma hili niliahidi kuandika juu ya kuanika ndagala wakati wa mvua. Ndagala zitangoja. Siku ya yenga, tulipotoka kanisani, mama mmoja wa kikundi chetu, wa kule Kadutu, alinishika mkono. Bwana yake alifariki mwaka jana. Sasa shemeji amepata mnunuzi wa lile sanduku la disiki za zamani lililo chini ya kitanda, disiki sitini na zaidi, na mnunuzi huyo anataka kuchukua zote pamoja kwa bei moja, siku ya posho. Mama aliniuliza: «Dada, nizuie zipi? Na nina haki ya kuzuia?»

Nianze na haki, maana ni fupi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto mbele: robo tatu ya mali ya marehemu ni yao. Mjane yumo katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Tena kabla ya kugawa, lazima kwanza kuitoa sehemu ya mjane mwenyewe, kulingana na namna walivyofunga ndoa. Kwa hiyo shemeji hawezi kuuza peke yake, hata sahani ya kulia, sembuse disiki. Mama huyu ana watoto wanne. Wamekubaliana pamoja: wauze, kwa sababu minerval ya watoto wawili wa mwisho haijalipwa, lakini saba zibaki nyumbani.

Saba kati ya sitini! Tulikwenda wamama watatu, siku ya pili baada ya kazi. Umeme ulikuwapo, Mungu asifiwe, na mashini ya jirani bado inazunguka.

Kwanza tulitazama kabla ya kusikiliza. Shika disiki kwa ukingo, usiguse mifereji, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Mkwaruzo mwembamba unaofanana na unywele hausumbui sana. Mkwaruzo ambao ukucha unausikia, huo utarusha sindano. Nyingine zilikuwa zimejikunja kwa sababu zililazwa kwa miaka mingi chini ya mzigo wa vitabu. Disiki husimamishwa wima, kama vitabu vya shule, mbali na jua na mbali na ukuta wenye unyevu. Na sisi tunaokaa karibu na Kivu tunajua ukuta wenye unyevu ni nini.

Umri wake unausoma kwenye karatasi ya katikati. Ikiandikwa Léopoldville, mara nyingi ni ya kabla ya 1966, mji ulipobadilishwa jina. Ikiandikwa Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Zipo pia zilizotengenezwa Nairobi.

Sasa, zipi? Hapo ndipo tulipoanza kugombana.

Mimi nilisema ya kwanza ni Mbilia Bel, «Mpeve ya Longo», ya mwaka 1982. Jina ni Kikongo, maana yake Roho Mtakatifu, na ndani yake mwanamke aliyeachwa na bwana analia namna atakavyolea watoto peke yake. Wakati ule wanawake wengi waliipenda kwa sababu hakuna aliyekuwa akiimba hivyo kwa ajili yao. Tulipoiweka, mwenye nyumba alitoka akaenda jikoni kutazama moto. Moto haukuwa na shida yoyote. Hiyo ikawa ya kwanza, bila kura.

Ya pili ilikuwa M'Pongo Love, «Ndaya», wimbo uliotungwa na Mayaula Mayoni. Dada huyu aliugua polio utotoni, miguu ikamsumbua, lakini alisimama mbele ya watu akaimba kwa sauti safi kama maji ya asubuhi. Alikufa mwaka 1990, akiwa na miaka 33 tu. Ya tatu ni Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, aliyeimba Olympia ya Paris mwaka 1973. Jalada lake limepasuka, lakini disiki ni nzima.

Mwenzangu mmoja alitaka «Mario» ya Franco, ya mwaka 1985, ile ya kijana aliyesoma anayelishwa na mwanamke mwenye pesa. Mimi nilikataa: «Mario» utaipata katika simu ya kila kijana wa Nyawera. Akanijibu kwamba marehemu aliipiga siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, na kwenye jalada kuna tarehe kwa mkono wake. Nikanyamaza. Nilikuwa nachagua muziki, na wao wanachagua nyumba yao. «Mario» ikabaki.

Kulikuwa na wimbo wa Tabu Ley mara mbili: kwenye disiki ndogo ya 45, na tena kwenye disiki kubwa. Mimi nachukua ndogo. Kwenye ndogo wimbo umekatwa mara mbili: unageuza upande wa pili na seben inaanza, watu wamekwisha kusimama. Mwenzangu anasema kugeuza kunaharibu dansi. Tulipiga kura, nikashinda, lakini bado hajanisamehe.

Ya sita ni «Indépendance Cha Cha» ya Grand Kallé na African Jazz, ya 1960, iliyotengenezwa Brussels wakati wa Meza ya Duara. Inakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho. Sikukubali iuzwe.

Ya saba ilikuwa chini kabisa, nzito, imefungwa katika kitambaa: disiki ya 78 ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alirekodi «Masanga» yake kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja na Kiswahili chetu. Disiki za 78 zikianguka huvunjika kama bilauri, na zinahitaji sindano yake nene, basi hatukuipiga. Mama alituambia ilikuwa ya baba mkwe, na bwana yake hakuruhusu mtu aiguse.

Zilizobaki tulizihesabu moja kwa moja, tukaandika majina kwenye daftari, wimbo na hali yake. Mnunuzi akisema bei ya sanduku zima, mtoto mkubwa atafungua daftari na kusema bei ya kila moja. Zile saba ziko juu ya kabati, zimesimama wima, na ufunguo uko kwa mama.

Juma lijalo, ndagala.