Nani Alikupa Huo Mfuko?

Mnacheka "mshika mfuko", yule jamaa amebaki na koini hazinunui hata andazi. Sawa, chekeni. Lakini huo mfuko haukujileta mkononi mwake. Mapema Aprili 2022 LUNA ilikuwa zaidi ya dola 100. Katikati ya Mei haikufika hata senti moja ya dola. Kila aliyetoka bei ikiwa juu alimuuzia mtu, na huyo mtu ndiye mnamwita fala! Aliyemuuzia mnamwita mjanja.

Sasa wale wa "shikilia, usiuze" wamerudi na koini mpya, na comrade anatuma pesa ya HELB. Buda akikwambia usiuze, muulize yeye ameuza ngapi wiki hii. Mi nilimuuliza mmoja kwa komenti. Akanibloku.