Mashini ya depo haiitiki



Juma hili ninajibu swali moja tu, maana lina matawi mengi. Mama mmoja wa hapa kwetu Luano ana depo ya bunga mbele ya lupango. Ndani ya depo kuna kompyuta ya mezani, na humo ndimo linamokaa daftari la likelemba ya kikundi chao: nani amelipa, nani bado, zamu ni ya nani. Jioni, depo ikifungwa, binti yake anakaa sebuleni na laptopu, anaingia kwa mbali kwenye mashini ile na kuandika malipo ya mchana. Sasa mama anaandika: «Tangu kurani ilipokatika, laptopu inasema haioni mashini ya depo. Fundi anaomba pesa ya modemu mpya. Siku ya posho kuna kupokea, na wenzangu wameanza kuniangalia kwa jicho lingine.»

Mama, usinunue modemu kwanza. Modemu yako inawaka, na simu za watoto zinapata wifi. Hiyo si modemu iliyokufa.

Jambo liko hivi. Kila kifaa kinachoingia kwenye wifi kinapewa namba na modemu, kama nyumba za avenue moja. Lakini namba hiyo ni ya kuazima. Kurani ikikatika, modemu ikazimika na kuwaka tena, inaweza kugawa namba upya. Mashini ya depo iliyokuwa 192.168.1.12 inaamka ikiwa 192.168.1.15, na ile 12 pengine amepewa simu ya mtoto. Laptopu haina habari. Inaendelea kupiga hodi kwenye nyumba ya zamani. Hapa kwetu, pamoja na delestaji tunayoijua, ningeanza kutafuta hapo kabla ya kumwita mtu yeyote.

Basi nenda mwenyewe depo. Tazama kwanza kama mashini inawaka kweli. Laptopu ina betri, ya mezani haina, na kurani ikirudi nyingi hazijiwashi zenyewe mpaka kidole kibonyeze. Nyingine zinawaka, halafu zinalala zenyewe baada ya muda. Hiyo inarekebishwa kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, pale palipoandikwa «veille». Mashini iliyolala haiitiki hodi.

Ikiwa macho, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kidirisha cheusi kifunguke, uandike ipconfig. Tafuta mstari wa «Adresse IPv4». Andika namba hiyo kwenye karatasi, kisha ufanye vilevile kwenye laptopu. Linganisha. Kwenye modemu zetu za nyumbani, sehemu tatu za mbele zikiwa sawa, mashini zote mbili ziko lupango moja. Zikiwa tofauti, laptopu imeingia kwa jirani. Mara nyingi jirani huyo ni simu: modemu ilipozimika, binti aliwasha partage ya simu ili amalize kazi ya shule, na laptopu ikabaki huko huko hata kurani iliporudi. Irudishe kwenye wifi ya modemu.

Kama ziko lupango moja, binti aandike namba mpya ndani ya «Connexion Bureau à distance». Kwa mama aliyeandika, ninafikiri mambo yatamalizikia hapo.

Wanaojua kidogo wataniambia: mbona hukutaja ping? Ninaitaja. Ukiandika ping na namba ya depo, soma mstari mpaka mwisho. «Réponse de» inaweza kufuatwa na «Impossible de joindre l'hôte de destination», na hapo hakuna aliyejibu. Ni laptopu yenyewe inayokuambia haikufika. Na ping ikinyamaza, bado si hukumu, kwa sababu ukuta wa ulinzi wa Windows unaweza kuikataa ping huku mlango wa kuingilia ukiwa wazi.

Kuna wengine ambao mashini inaonekana lakini inawafukuza mlangoni. Hapo usiguse modemu hata kidogo, tazama funguo. Akaunti isiyo na neno la siri Windows haiikubali kwa mbali, hata kama ukikaa mbele yake inakufungulia bila kuuliza. Na zile namba fupi za PIN ni za mashini ile ile tu. Kwa mbali linatakiwa neno la siri lenyewe la akaunti. Wengi wamelisahau kwa sababu wanatumia PIN kila siku.

Kuna pia swali la aina ya Windows, na hapa watu wanapoteza jioni nzima. Windows «Famille» inaweza kwenda kutembelea, lakini haipokei wageni. Inayopokea ni «Professionnel». Kwa hiyo laptopu ikiwa Famille na mashini ya depo ikiwa Professionnel, njia ipo. Ukigeuza, hakuna njia, hata ufanye nini na namba. Kabla ya kununua mashini iliyotumika, mwombe muuzaji afungue Système, usome jina hilo kwa macho yako. Mashini hizo za zamani zina ugonjwa mwingine mdogo: kibetri cha duara cha ndani kikiisha, kila kurani ikikatika saa inarudi miaka ya nyuma, na tarehe isiyo sahihi inaweza kuzuia kuingia. Kibetri hicho ni bei ndogo kuliko modemu.

Na mama ukiwa umekaa depo, ekrani ikajifunga ghafla bila wewe kugusa, uliza kwanza kama binti ameingia. Windows hizi za nyumbani zinamkubali mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ili namba isihame tena, modemu nyingi zinakubali kuweka namba moja pembeni kwa ajili ya mashini moja. Anwani ya ukurasa wa modemu na neno lake la siri kwa kawaida vimeandikwa chini ya modemu yenyewe. Binti anayeweza kuandika malipo anaweza kufanya hilo.

Jambo la pesa: mashini mbili za modemu moja zikiongea hazili mega. Hata forfait ikiisha, daftari linafunguka. Ndiyo maana sipendi fundi anayeweka programu ya kupita intaneti ili ufike chumba cha pili. Ninampenda zaidi kidogo kuliko yule anayesema «nitafungua mlango kwenye modemu ili uingie hata ukiwa sokoni». Mlango huo, namba 3389, unajulikana dunia nzima, na kuna watu wanaozunguka kuujaribu usiku na mchana. Mwezi wa tano 2019 Microsoft ilitoa dawa ya tundu lililokuwa kwenye mlango huo huo, tundu ambalo mtu angeweza kuingilia bila neno la siri lolote, na ikaitoa hata kwa Windows XP ambayo ilikuwa imeshaiacha. Kwa daftari la pesa za watu, mlango ubaki ndani ya lupango.

Kuhusu wale wenzako wanaokuangalia: waite kabla ya siku ya posho, ufungue daftari mbele yao kwenye mashini ya depo yenyewe. Kilichokatika ni njia ya kutoka sebuleni tu; malipo yaliyohifadhiwa kabla ya kurani kukatika yanapaswa kuwa pale pale. Unakili daftari kwenye ufunguo wa USB, na ufunguo huo akae nao mweka hazina.