Bilauri ya Dallas na kofia ya bibi: Texas ina la kutufunza kuhusu kazi za mikono

Januari 2008, kwenye mnada wa mji mdogo wa Crewkerne, kusini-magharibi ya Uingereza, liliuzwa jagi la jiwe linalopenya nuru, lenye mapambo ya dhahabu. Wenye mnada walilidhania ni kazi ya Kifaransa ya karne ya 19, wakalikadiria pauni 100 hadi 200. Lakini miongoni mwa wanunuzi walikuwemo waliojua zaidi, na bei ikapanda mpaka pauni 220,000. Mauzo yale yakaja kubatilishwa. Oktoba ya mwaka huo huo jagi likapelekwa kwa Christie's, London, likauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mapambo ya dhahabu kweli yalikuwa ya Kifaransa. Jagi lenyewe lilikuwa kazi ya mafundi wa Misri ya zama za Fatimiya, lililochongwa kiasi cha miaka 1,000 iliyopita kutoka pande moja la jiwe. Leo limo katika jumba la Dallas Museum of Art, Texas.

Jiwe la Januari ndilo lile lile la Oktoba. Kilichobadilika ni elimu ya waliolitazama. Kisa hiki kinatuhusu sisi watu wa Ghuba wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu mbili: ya kwanza ni lile jiwe, na ya pili ni namna watu wa Texas wanavyoitunza elimu ya kazi za mikono, na sisi tunavyoiachia ipotee.

Jiwe lenye jina letu

Jiwe hilo Waarabu huliita billaur. Sisi tumelichukua neno hilo tukaliita bilauri, na mpaka leo bibi akitaka maji Maskati au Unguja husema, "Niletee bilauri." Tunanywea kila siku jina la johari.

Wala si jina peke yake. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, katika kitabu chake cha vito na madini, ametaja bilauri iliyokuwa ikiletwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, ikachongwa huko. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta vipande vya jiwe hilo Dembeni, kisiwani Mayotte, katika mji uliostawi zama zile zile, na asili yake inaelekezwa kaskazini ya Bukini. Hii haina maana kwamba jagi la Dallas lazima limetokana na jiwe la huko. Maana yake ni kwamba watu wa bahari yetu walikuwemo katika biashara hiyo tangu mwanzo: kuchimba, kupakia, kuvusha na kuuza. Shanga za kioo zilizofukuliwa Unguja Ukuu na kupimwa maabara zinasema vivyo hivyo kwa upande wa pili wa biashara, kwani kioo chake kiliyeyushwa ng'ambo na kuletwa kwa jahazi.

Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili akiingia jumba la Dallas anatazama kitu kinachomhusu. Suala ni nani atamwambia.

Mafuta, majumba na madarasa

Texas tunaijua kwa mafuta. Watoto wengi wa Ghuba wamekwenda huko kusomea uhandisi, na Houston kwetu ni jina la makampuni kabla ya kuwa jina la mji. Lakini fedha za mafuta huko zimefanya jambo jingine linalostahiki kutazamwa.

Jumba la Museum of Fine Arts, Houston, lina skuli yake ya sanaa, Glassell School of Art. Imepewa jina la Alfred C. Glassell Jr., mtu wa mafuta, ambaye pia alilipatia jumba hilo mkusanyo mkubwa wa vyombo na mapambo ya dhahabu ya Afrika. Jengo la kwanza la skuli hiyo lilifunguliwa 1979, likiwa limezungushiwa matofali ya kioo. Mwaka 2018 likafunguliwa jipya mahali pake. Wanasoma watoto, wanasoma watu wazima wenye kazi zao, na hakuna anayelazimika kuwa msanii kwanza ndipo aingie. Hatua chache kutoka hapo pamesimama jengo la Kinder, lililofunguliwa 2020, ambalo kuta zake za nje zimevishwa mirija ya kioo.

Ndani ya jumba hilo hilo kuna vitu kutoka kwetu Ghuba. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010, mkusanyo wa al-Sabah wa Kuwait, ule ule ulioporwa wakati wa uvamizi wa 1990, umekuwa ukikopesha Houston sehemu ya hazina zake. Mwaka 2023 sehemu ya sanaa za ulimwengu wa Kiislamu ikafunguliwa upya ikiwa kubwa zaidi. Dallas nayo ilipata mkusanyo wa Keir, takriban vitu 2,000, likiwemo jagi letu, kwa mkopo wa muda mrefu uliotangazwa 2014. Kiingilio cha kawaida cha jumba la Dallas ni bure tangu Januari 2013.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: hata sisi tunayo. Ni kweli. Doha ina Jumba la Sanaa za Kiislamu tangu 2008, Maskati ina Jumba la Taifa tangu 2016, Abu Dhabi ina Louvre tangu 2017, na Manah ina Oman Across Ages tangu 2023. Kwa majumba hatuko nyuma, na pengine tumewapita.

Tofauti iko katika kinachofanyika mlangoni pa pili. Mfano mzuri ni Houston Center for Contemporary Craft, kituo kilichofunguliwa 2001 katika barabara ya Main. Ni kidogo ukikilinganisha na majumba makubwa, na kuingia ni bure. Kinashughulika na kazi tano: udongo, nyuzi, kioo, madini na mbao. Upande mmoja yako maonesho. Upande wa pili ziko karakana za mafundi wanaopewa nafasi kwa miezi kadhaa hadi mwaka, na mgeni huingia, akasimama, akauliza, akaona sindano inavyoingia na inavyotoka. Nje wamepanda mimea itoayo nyuzi na rangi, ili mtu ajue kitambaa kinaanzia wapi. Kuona na kujifunza vimewekwa chini ya paa moja.

Tanuri lililotoka kiwandani

Kwa upande wa Dallas na Fort Worth hadithi inayovutia ni ya kioo. Kazi ya kupuliza kioo kwa karne nyingi ilikuwa ya viwandani. Tanuri lilikuwa kubwa, moto hauzimwi, na siri ilibaki kwa mafundi wachache. Mwaka 1962, mjini Toledo katika jimbo la Ohio, Harvey Littleton na mwenzake Dominick Labino walionesha kwamba tanuri dogo linaweza kufanya kazi hiyo katika karakana ya mtu mmoja. Kutoka hapo vyuo vikaanza kufundisha. Katika miaka ya 1970 David Keens alianzisha masomo ya kioo katika University of Texas at Arlington, mji ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, na wanafunzi wa huko hutengeneza na kuuza vyombo vyao wenyewe.

Fort Worth ikapata pia SiNaCa, skuli ya kioo isiyotafuta faida, ambayo jina lake ni somo tosha. Si ni alama ya silikoni iliyomo katika mchanga, Na ni ya sodiamu iliyomo katika magadi, na Ca ni ya kalsiamu iliyomo katika chokaa. Mchanga peke yake unahitaji moto wa nyuzi kiasi cha 1,700 ili uyeyuke. Magadi huushusha moto huo, na chokaa hukiimarisha kioo kisiliwe na maji. Mchanganyiko huo ukiwa umeiva, fundi huuchota kwa mrija mrefu wa chuma, akaupuliza, akauzungusha bila kusita usije ukadondoka. Chombo kikishakamilika hakiachwi kipoe chenyewe. Hutiwa katika tanuri la pili ambalo hushushwa moto polepole kwa saa nyingi, la sivyo hupasuka. Mwanafunzi wa siku moja hatatoka fundi, lakini atatoka amejua kwa nini chombo cha mkono kina bei yake. Huyo ndiye mnunuzi wa kesho.

Na wanunuzi hao wana pa kwenda. Kila Aprili Fort Worth hufunga barabara yake ya Main kwa tamasha la sanaa la siku nne. Richardson, jirani na Dallas, ina Cottonwood Art Festival mara mbili kwa mwaka, na Houston ina Bayou City Art Festival. Mnyororo umekamilika: darasa, karakana, maonesho, soko.

Sindano za wakimbizi

Tusiipambe Texas kupita kiasi. Masomo ya tanuri yana gharama, na vituo hivi vinategemea sana mikono ya wafadhili. Mei 2025, mfuko wa serikali kuu wa sanaa, National Endowment for the Arts, ulifuta misaada mingi kote nchini, na taasisi ndogo ndizo zilizotikisika zaidi.

Lipo pia jambo linalowagusa wenye lugha yetu. Houston, Dallas na Fort Worth zimepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na kina mama wengi miongoni mwao wamefika na ujuzi wa mshono, ususi na ushanga. The Community Cloth ya Houston imewasaidia wanawake wakimbizi kuuza kazi zao, na Vickery Trading ya Dallas imewafundisha ushoni wa kipato. Hizo ni kheri kubwa. Hata hivyo, tazameni jinsi soko linavyogawa. Kikapu cha mama mkimbizi aghlabu hununuliwa kwa kumsaidia, na bilauri ya fundi wa Arlington hununuliwa kwa kuwa ni sanaa. Mikono yote miwili ni ya fundi. Na tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi, hata mlango huo umebanwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki mafundi wa kioo wamejitafutia njia yao. Kitengela, karibu na Nairobi, na karakana ya Shanga ya Arusha, inayoajiri watu wenye ulemavu, huyeyusha kioo kilichokwishatumika kikawa vyombo vipya. Zanzibar nako, Chako hugeuza chupa za mahotelini zikawa taa na bilauri. Kwa hiyo ujuzi si wa Marekani tu.

Kofia yetu iko wapi?

Turudi nyumbani. Kofia ya viua, anayoivaa Muomani kila siku, historia yake imefungamana na Zanzibar na pwani nzima. Kila tundu dogo huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huchukua wiki, pengine miezi. Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Maskati, Dubai na Doha yupo bibi anayeijua kazi hii, na yupo mjukuu anayenunua kofia ya mashine kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu hajui tofauti. Mjukuu huyo yuko katika hali ya wale wenye mnada wa Crewkerne: ameshika kitu cha maelfu na anakikadiria mia.

Dola zetu hazikulala. Oman iliunda mamlaka ya kazi za mikono mwaka 2003, na 2020 kazi zake zikahamishiwa mamlaka ya biashara ndogo na za kati. Khanjari iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2022. Kuwait ina Nyumba ya Sadu, ambako ufumaji wa kibedui unafundishwa na kuoneshwa. Sharjah ina baraza la Irthi kwa kazi za wanawake. Kwa hiyo mfano wa Houston tayari tunao hapa Ghuba. Sadu imepata nyumba yake kwa sababu wenyewe waliidai. Kofia, kwa sehemu kubwa, bado inategemea baraza ya bibi.

Hatuhitaji kungoja jumba la mamilioni. Kinachohitajika ni chumba katika jumuiya, mabibi watatu, na wasichana na wavulana kumi, siku moja kwa wiki. Mabibi walipwe, kwani mwalimu asiyelipwa huonekana hana elimu. Kazi zikikamilika zioneshwe siku za Idi pamoja na jina la aliyeshona na muda aliotumia, ili mnunuzi ajue anacholipia. Mishono ina majina yake ya Kiswahili. Yaandikwe na kupigwa picha sasa, wakati wenye kuyajua bado wapo. Na mwenye mtoto anayesoma Houston au Arlington amwambie aingie katika karakana hizo japo mara moja, atazame zinavyoendeshwa, aje atueleze.

Jagi la bilauri lilingoja miaka 1,000 na bado liko, kwa sababu jiwe halifi. Kofia ikichakaa hushonwa nyingine, iwapo yupo anayejua kushona.