Sindano ya Jicho na Nauli ya Kurudi

Kuyahesabu magonjwa yote ya macho ya uzeeni kuwa mtoto wa jicho ni kosa linaloweza kumpotezea mzee uwezo wa kuona, kwa sababu mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda kwenye lenzi, kwa kawaida hungoja miezi kadhaa na bado ukaondolewa kwa upasuaji, ilhali uharibifu wa makula wa aina ya majimaji haungoji. Makula ni eneo dogo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ndilo linalomwezesha mtu kusoma na kutambua sura. Umri unaposonga, mishipa mipya ya damu, dhaifu na yenye kuvuja, huweza kuota chini yake na hatimaye kuacha kovu lisilofutika. Mistari iliyonyooka huonekana imepinda, hata mchumaji wa majani chai wa Nyamache, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, akaona safu za michai zimejikunja pale anapokaza macho, huku pembeni akiona vyema.

Tiba yake ni dawa inayozuia protini inayochochea mishipa hiyo kuota. Bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, ilianza kudungwa jichoni mwaka uliofuata, na utafiti wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba haipitwi kwa lolote kubwa na ranibizumabu, dawa ghali mno iliyotengenezwa mahususi kwa jicho. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza bevasizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kutajwa kwa sindano hii hutisha kuliko kudungwa kwenyewe: jicho hutiwa ganzi, husafishwa kwa iodini, kisha sindano nyembamba hupenya kwenye weupe wa jicho, takriban milimita 4 kutoka ukingo wa duara jeusi, na kuacha ndani dawa kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya mililita.

Ila haiponyi, huzuia tu. Kwa kawaida hudungwa kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kadiri picha za retina zinavyodai, pengine kwa miaka, na hapo ndipo Nyamache inapolemewa, kwa kuwa mabingwa wa retina wamejazana Nairobi, na mzee asiyeona vizuri hasafiri peke yake, hivyo nauli huwa ya watu wawili, kwenda na kurudi.

Utafiti wa Nakuru wa 2007 na 2008, uliowahusu watu wa miaka 50 na zaidi, ulikuta hatua za mwisho za ugonjwa huu kwa takriban mtu mmoja kati ya mia. Uchache huo usiwe kisingizio kwa serikali ya kaunti, maana ndio unaorahisisha kuwakusanya wagonjwa siku moja ya mwezi katika hospitali ya rufaa ya Kisii, ambako chupa moja ya mililita 4 ingegawiwa wengi. Ugawaji huo lakini hautaki mzaha: mwaka 2023, huko Punjab nchini Pakistan, dawa iliyogawiwa vibaya iliwapofusha wagonjwa kadhaa, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mfamasia katika chumba safi, si ya kuharakishwa mezani.

Kupima dalili hakungoji bajeti. Muuguzi wa zahanati anaweza kumfunika mzee jicho moja baada ya jingine, amtazamishe ukingo wa mlango, na akisikia kwamba umepinda, amwandikie rufaa siku hiyo hiyo.